Antena Moja, Mashine Mbili

Jumatatu, 7 Novemba 1988
Mvua ya jana imeangusha antena ya Germain, mshindani wangu! Imelala juu ya choo cha jirani yake. Mtaa mzima wa Kikula umebaki na fonie moja tu, redio ya kuzungumza na watu wa mbali, inayosikika hadi Kamina: yangu. Nimelala chali uani nikitazama bomba la antena yangu, mita kumi na mbili, na waya unaopotelea mawinguni. Moshi wa kiwanda unapita polepole. Nikawaza sauti zote za Katanga zikipanda waya huo mmoja, taratibu, bila kusukumana. Nikasahau bukari, ugali wangu, motoni. Imeungua.

Jumatano, 9 Novemba
Betri yangu inakufa. Germain ana betri mpya ya lori. Mpango! Nimemwambia alete mashine na betri yake, akae chumba cha nyuma, tutumie antena yangu pamoja na betri yake itulishe sote wawili. Amekubali, mjinga. Na nani bwana wa antena? Mimi, Citoyen Philippe!

Mathieu fundi amepita. Akasema mashine mbili hazifungwi kwenye waya mmoja hivihivi. Lazima sanduku la vichujio katikati, kila moja ipite kwa masafa yake, la sivyo nguvu ya moja itaingia ndani ya mwenzake. Kama sanduku hatuna, tupokezane. Nimemjibu kwamba barabara ya Kamatanda inabeba malori mawili. Akauliza nimeyaona mara ngapi yakigongana.

Sanduku nimelitengeneza mwenyewe. Kopo la maziwa ya unga na waya wa shaba. Linapendeza.

Ijumaa, 11 Novemba
Émérence wa zahanati. Naandika jina tu, kisha nalipigia mstari. Nampenda, basi. Hajanikataa. Lakini kwao neno la mwisho ni la mjomba, naye yuko Kamina. Jumapili saa nne, baada ya misa, atakaa kwenye fonie ya kule, nitasema nia yangu, atajibu mbele ya mashahidi. Neno likishasikika fonieni halirudi, maana benchi zima la wanaosubiri zamu limelisikia.

Hotuba tayari. Kurasa tatu. Nyingi zinahusu antena.

Jumapili, 13 Novemba
Nimekwisha.

Watu kumi na tatu kwenye benchi. Mama Hortense, shangazi yake Émérence, amevaa kofia ya Pasaka. Nikabonyeza, nikasoma: urefu wa antena, kopo, siku zijazo. Sikukumbuka kwamba kila Jumapili saa nne Germain humsalimu shangazi yake wa Bukama. Huko chumba cha nyuma naye akabonyeza, kopo langu likachanganya sauti zetu! Kwa sauti yake nzito, bila haraka, akauliza kama huko wamelala vizuri, kama miguu bado inauma, kama mvua imefika shambani, kama wamekula.

Nikamaliza. Nikasema à vous, zamu yenu.

Mjomba akasikika wazi kabisa: « Minye nimesikia bwanaume wawili. Ule wa kwanza anasema tu mambo ya antene yake. Ule wa pili ametuuliza miguu. Tunakubali ule wa pili. À vous. »

Kisha mashine yangu ikatoa moshi.

Benchi likapiga makofi. Mama Hortense akapiga vigelegele. Nikapaza sauti kwamba ni makosa. Wakasema neno limesikika. Germain akatokea, akiuliza kama shangazi yake amejibu. Alifiwa na mkewe miaka miwili iliyopita, kila mtu anajua. Émérence akamtazama, kisha akatazama chini. Kwangu hajawahi kutazama chini. Imeniuma sana.

Jumanne, 15 Novemba
Germain amekuja, amevua kofia, akauliza kama nina kinyongo. Akaniachia betri. Nimelia kidogo, nikaipokea.

Mathieu amefungua mashine yangu, akanionyesha vilivyoungua. Itapona Jumamosi. Akauliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa! Kosa lilikuwa idadi. Mbili hugombana, ya tatu itaziamua. Katekista Hilaire ana mashine ya parokia, nimeshamwambia ailete. Natafuta kopo kubwa zaidi.

Colette, mdogo wake Émérence, alipita kuchukua kofia ambayo shangazi yao aliisahau Jumapili. Alicheka vizuri. Mjomba wake ni yuleyule, na Jumapili saa nne atakuwa fonieni kupanga arusi ya dada yake.

Jioni nimelala chali chini ya bomba. Mawingu yanapita. Hotuba mpya imeanza: « Mzee, antena yangu sasa inabeba mashine tatu. »