Amplifaya Niliyowatupia Kuku

Ndugu zangu wa kundi hili, heshima yangu imebaki Bwera. Mimi nimerudi Kasese peke yangu.

Wanaonijua wanajua kazi niliyofanya jeshini: kutengeneza mitambo ya mawasiliano. Nilistaafu, lakini vipimo vyangu havikustaafu. Nina mashine yenye kioo kidogo inayochora mawimbi ya sauti. Amplifaya nzuri, ukiipa wimbi laini, inatoa wimbi laini. Mbaya inalipinda. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mimi nilikuwa hakimu (hakuna aliyeniteua).

Miaka miwili iliyopita niliipima amplifaya yangu ya zamani, ile ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama makaa. Wimbi likatoka limepinda kama ndizi. Takataka! Nikaitupa kwenye banda la kuku, nikanunua mpya. Rafiki yangu Hajji Musa, mwenye malori Bwera, akaikuta humo.

“Afande, hii ilikuwa inaimba vizuri. Nipe mimi.”

Mbele ya madereva wake watatu nikamjibu: “Chukua. Masikio ya tanboi hayawezi kujua tofauti.”

Hajji alianza maisha kama tanboi, akipakia mizigo na kulala juu ya magunia. Nilijua. Ndiyo maana nilisema. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri tukikutana, lakini hajakanyaga kwangu, yeye aliyekuwa akila mezani kwangu kila Jumapili. Kosa ni langu. Lakini badala ya kuomba msamaha, nikatafuta njia ya kushinda. (Uzee si dawa ya ujinga.)

Nikampigia simu. Tuzishindanishe amplifaya mbili, bila kuziona. “Nikiitambua iliyo bora, unarudi mezani kwangu. Nikishindwa, nakuomba msamaha mbele ya madereva wale wale.”

Akajibu: “Sawa. Kuja na yako.”

Leo asubuhi nikaondoka na amplifaya yangu mpya nimeipakata, nimeifunika blanketi, begi la vipimo mgongoni. Mama mmoja garini akauliza mtoto anaumwa nini. Nikamwambia ni mzima kabisa.

Bwera, sebuleni kwa Hajji, nilipanga kila kitu kijeshi, madereva wale watatu wakitazama. Amplifaya zote mbili nyuma ya leso za Hajati, mke wa Hajji, zilizotundikwa kwenye kamba. Spika zile zile. Wimbo ule ule, rumba ya zamani. Nikasawazisha ukubwa wa sauti kwa mita, maana inayopiga kwa nguvu zaidi hudanganya masikio. Nikafunga waya zote kwa mikono yangu. Hajati akakaa nyuma ya leso, yeye ndiye wa kubadilisha swichi na kuchagua ipi iwe namba moja. Mimi nikakaa nimetazama ukuta, kalamu mkononi.

Namba moja ikapiga. Mh. Nikaandika.

Namba mbili ikapiga. Jamani! Gitaa likaingia chumbani kama mgeni aliyevua viatu. Mwimbaji nikamsikia anavuta pumzi. Nikafumba macho. Mguu ukaanza kucheza wenyewe. Halafu (hili naliandika kwa aibu) machozi yakanitoka.

“Afande analia!” akasema dereva mmoja.

“Ni moshi wa jikoni,” nikasema.

“Jikoni iko kule nyuma, afande. Na leo tunapikia gesi.”

Nikasimama, nikasoma ripoti yangu kwa sauti ya gwaride:

“Namba moja: sauti imebanwa, gitaa limekauka, mwimbaji anaimba kama mtu anayesomewa mashtaka. Hii ni ile ya kuku. Namba mbili: safi, wazi, haipindi sauti hata kidogo. Hii ni yangu. Nimesaini.”

Na kweli nilikuwa nimesaini. Na cheo changu cha zamani nilikiandika.

Hajati akavuta leso.

Namba mbili ilikuwa na vichupa vinavyowaka kama makaa. Juu yake doa jeupe waliloniachia kuku bado lipo.

“Umebadilisha waya!” nikapiga kelele.

“Mimi?” Hajati akashika kiuno. “Mutu mwenye kufunga waya ni wewe mwenyewe, Baba.”

Sikukubali. Nikafungua begi, nikatoa mashine yangu, nikapima palepale. Namba moja: wimbi laini, limenyooka vizuri. Namba mbili: ndizi. Ndizi ile ile! Shahidi niliyemleta mwenyewe akanifunga.

“Basi mashine inasema uongo?” akauliza dereva.

Hajati akajibu kabla yangu: “Mashini iko inasema kweli. Masikio yake iko inasema kweli. Iko mudomo tu ndiyo iko na taabu.”

Dereva mmoja alitoka nje kuchekea kwenye tairi la lori. Wawili walishikana. Mimi nilitamani kuingia kwenye begi la mita.

Hajji hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, anangoja. Ndipo nikakumbuka kilichonileta.

Nikasimama wima, mikono ubavuni. “Hajji, mbele ya watu hawa nilikutukana kwa kazi iliyokulea. Nilijua itakuuma. Nisamehe.”

Kicheko kikakatika. Hata yule wa kwenye tairi akarudi mlangoni.

“Yameisha,” akasema Hajji, akanisogezea kikombe. “Kunywa chai, inapoa.”

Baada ya kikombe cha pili nikapata ujasiri, nikaomba amplifaya yangu ya zamani.

“Hapana. Ukitaka kuisikia, utakuja hapa.” Kisha akaongeza: “Jumapili nitakuja kula kwako. Lakini ile yako mpya uizime. Tutakula kimya.”

Nawasihi msinicheke. Mke wangu ameshacheka kwa niaba yenu wote, kisha akaniuliza kwa nini ilibidi nibebe chuma chote kile mpaka Bwera ili kusema neno moja.