Ubao Wangu pale Njiapanda

Jumamosi, 2 Machi

Sijatulia tangu alfajiri. Nimeswali, nimefagia vibanda vyangu vya wageni, nimevifagia tena. Vyote vinatazama bahari na ndani hamna mtu, ni nzi tu. Ng'ambo ya mwamba, ghuba ya kaskazini, shemeji yangu Swelem kajaza wageni mpaka wengine wanalala nje.

Jana baada ya swala ya Ijumaa, watu wote wakiwa kwenye kahawa, Swelem kasema nisipopata wageni kufikia Ijumaa ijayo, nifunge vibanda nikamkaangie samaki jikoni kwake. Kasema kwa upole. Upole wake ndio unaoniwasha. Nimefika nyumbani, mke wangu Freija kasema kaka yake ana wazo zuri. Mimi, mtoto wa waongoza ngamia wa Sinai, ninuke mafuta ya samaki! Mungu aniepushe.

Nimepata mpango.

Jumapili, 3 Machi

Wageni wakishuka basi pale njiapanda huwa hawajui lolote. Wanazubaa juani kama ngamia waliokata kamba. Basi nimewaandikia ubao, kwa lugha yao niliyoiokota nikiwaongoza jangwani. Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani. Leteni masweta, usiku wa jangwani una baridi. Baharini vaeni viatu, chini kuna vidude vya miiba. Msivunje matumbawe.

Halafu, chini kabisa: ghuba ya kaskazini ina upepo mkali kutwa nzima, ghuba ya kusini, kwa Humeid (ndiye mimi), bahari imetulia kama maji ya bakuli.

Kweli tupu! Uongo ni dhambi, nami namwogopa Mungu. Habari ya nzi sikuiandika. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 4 Machi

Basi limekuja limejaa. Vijana, na mifuko mirefu kama majeneza. Nilijificha nyuma ya jiwe nione matunda ya kazi yangu. Wakasoma maji, wakasoma sweta. Walipofika kwenye upepo wakakumbatiana.

Kumbe ni wale wanaoteleza baharini juu ya mbao, wakivutwa na tiara! Upepo ndio walioufuata. Wote mbio kaskazini.

Jioni Swelem kaniletea samaki wa kukaanga, kamfunika vizuri, na salamu kwamba Mungu anilipe kwa ule ubao. Nikakataa kumla. Freija akamla. Nilionja mkia tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeuzunguka mwamba nikiwaza mpaka kandambili ikakatika. Lakini faida ya kuzunguka ipo. Kahawa!

Kwetu, anayekunywa kahawa yako ni mgeni wako. Hakuna mwanamume atakayempokonya, hata awe shemeji. Basi nitakaa njiapanda na birika. Na ili wageni waelewe wanachokunywa, nimeongeza ubaoni: kwa Wabedui, akinywa kahawa ya mwenyeji, mgeni ni wa nyumba hiyo siku tatu, haulizwi shida yake wala halipi kitu.

Maneno ya mwisho hayakuwa na lazima, nakiri. Lakini mkono ukishaanza kuandika heshima ya wazee wetu hausimami.

Nikamsomea Freija. Akaniuliza, "Baba Sabha, wasipolipa, wewe umepata nini?"

Nikamwambia hakuna mtu anayesoma ubao mpaka mwisho. Si kwa jua hili.

Jumatano, 6 Machi

Alhamdulillahi! Mzee mmoja wa Kijerumani na mkewe wameshuka, wamekunywa, wamekuja! Freija kaoka mkate kwenye makaa. Tukachinja mbuzi, maana mgeni wa kahawa hapewi maharage. Wamekula, wamefurahi, wamewapungia nzi mkono.

Sikuweza kukaa. Nimekimbia kumwambia Swelem. Akauliza, kwa upole wake ule, kama wanalipa. Nikamwambia tulisema wageni, malipo hakuyataja mtu. Akacheka, akasema ni kweli, malipo hakuyataja mtu.

Kwa nini alicheka?

Alhamisi, 7 Machi

Wamesoma mpaka mwisho.

Asubuhi ghuba yote ya kaskazini imehamia kwangu, na mbao zao, na tiara zao. Wamejipanga mbele ya birika, wapole kama watoto wa madrasa, kila mmoja anaomba kahawa. Swelem mwenyewe ndiye aliyewafafanulia yale maneno ya mwisho.

Ningefanyaje? Niseme kahawa imekwisha na birika linafuka? Marehemu baba angetoka kaburini. Nikamimina.

Freija akalitazama zizi. Akasema yule mbuzi wa kijivu amemlea kwa chupa. Nikasema najua. Akasema anajua kwamba najua. Tukachinja, mpaka huyo wa kijivu.

Ijumaa, 8 Machi

Msikitini nimeketi safu ya mbele. Vibanda vimejaa! Swelem mwenyewe kakiri mbele ya watu kwamba nimeshinda, simkaangii mtu samaki. Tamu kuliko tende.

Nikarudi nyumbani. Mbuzi hakuna. Unga hakuna. Wageni wameketi, mikono wameshanawa, wananitabasamia. Mgeni akilala njaa nyumbani kwako, hiyo aibu wataisimulia wajukuu wako. Nikauzunguka mwamba, na safari hii sikukimbia. Nikamwomba Swelem samaki.

"Shemeji, samaki tele," akasema. "Wa kuwakaanga ndiye hayupo."

Kanifunga aproni mwenyewe, kwa nyuma, polepole, kama anavishwa bwana harusi. Nimekaanga mpaka machozi. Nimewabebea wageni wangu sinia kwa sinia, nao wameshiba, wakasema hawajaona ukarimu kama huu, watawaandikia na rafiki zao. Kesho nakaanga tena.

Lakini nilipokuwa nageuza samaki, Mungu kanifunulia kosa liko wapi. Mpango ni mzuri. Ubao ndio mdogo! Haukubakiza nafasi ya kueleza siku ya nne, ya malipo. Ninahitaji ubao mpana.

Nimemwambia Freija kwamba mlango wa zizi ni mbao safi, tena mpana, na sasa hauna cha kuzuia.

Bawaba nimeshazitoa.