Kompyuta ya Ghala la Kipawa

Jumatatu, 7 Novemba 1994
Mzee Suleiman kaleta kompyuta ghalani. Atakayeiandikia programu ya kuhesabu spea ifikapo Jumamosi, ndiye karani mkuu. Miaka kumi na moja namhesabia kwa kichwa, sijapoteza hata nati! Leo nashindanishwa na Felicitas, taipisti wa juzi. Yeye anasoma kitabu maktaba, bure. Eti ananiambia, kaka Bakari, twende wote. Bure! Cha bure kimemfikisha nani wapi? Nimelipia kozi Mabibo. Elfu kumi na tano, nusu mshahara.

Jumanne, 8
Mgao wa umeme. Mwalimu Edgar kachora kompyuta kwenye manila, kila mwanafunzi na yake. Tunagonga karatasi. Ukimaliza unatamka amri ya kuendesha programu, “RUN!”, kwa sauti, Edgar anajibu kwa niaba ya mashine. Kanipa tisa kwa kumi.

Jumatano, 9
Umeme bado. Nimewahi maktaba kabla ya Felicitas, nikakiazima kitabu chake. Si kukisoma. Kumkomoa! Nimekifungia sandukuni. Mke wangu Raudha kauliza kwa nini nisifungue walau ukurasa mmoja, kwani kinang'ata? Hajui vita huyu.

Alhamisi, 10
Felicitas hana hata wasiwasi. Alishakinakili chote kwa mkono, madaftari mawili. Hujuma!

Jumamosi, 12
Mtihani mbele ya wapakiaji wote. Felicitas kagonga, spea zikajipanga kwenye kioo. Zamu yangu. Nikagonga taratibu, kama nilivyofundishwa. Nikasimama wima. “RUN!” Kimya. Nikarudia, kwa sauti zaidi. Mpakiaji Albano kanishauri nianze na shikamoo, huenda mashine imenizidi umri. Wakacheka hadi kukaa chini. Mzee hakucheka. Kasema pole, kuanzia keshokutwa nitamsomea Felicitas hesabu, yeye ataziingiza. Miaka kumi na moja!

Jumapili, 13
Felicitas kaja nyumbani. Kasema Mzee atataka karani wa pili mwezi ujao. Kila mchana, watu wakienda kula, yeye atanifundisha kwenye kompyuta yenyewe, senti hataki. Raudha kafurahi, kamkaribisha chai. Mie nimemshukuru kwa adabu. Mtego naujua.

Nikamfuata Edgar kwake. Kasikitika sana. Tatizo, kasema, nilisoma daraja la kwanza tu. La pili ni elfu thelathini. Nimelipa. Bei mara mbili, elimu mara mbili. Hesabu hiyo haihitaji mashine.