Megabiti Mia Mbili na Zamu ya Sauna

Jumatano, 5 Februari
Kambi ya muziki! Video yangu ya kupiga kantele, zeze la Kifini, iwafikie walimu kabla ya Jumamosi saa mbili usiku, la sivyo basi. Naituma tangu nitoke shule. Imesogea kidogo, ikagoma. Ajabu! Kipeperushi cha mtandao wetu kinasema "kasi hadi megabiti 200". Nimepiga simu kwenye kampuni. Mhudumu akanijibu kwa upole kwamba "hadi" si ahadi. Sijaelewa. Mwalimu akisema insha iwe hadi kurasa mbili, mimi huandika mbili.

Alhamisi, 6 Februari
Bibi Hillevi wa ghorofa ya chini anasema jengo zima tunagawana laini moja. Wote wakiwa mtandaoni, inachoka. Kumbe! Dawa ni kuwaondoa mtandaoni kwa pamoja. Na kule sauna, chumba cha mvuke cha jengo letu, haingii mtu na simu. Nimebandika tangazo mlangoni: Jumamosi saa kumi na moja, sauna ya wote, soseji bure.

Jumamosi, 8 Februari
Walikuja wote! Bahati mbaya, saa kumi na moja ni zamu ya Mama ya kila Jumamosi. Alikuwa juu kwenye benchi, peke yake, kwa raha zake. Mara Bibi Hillevi huyo, na haradali mkononi, anauliza soseji ziko wapi. Nyuma yake jirani yetu Mzee Rautio na taulo fupi. Sauti ya Mama ilinifikia ghorofa ya nne: "We Vieno! Njoo hapa!"
Sikwenda. Jengo tupu, nikatuma. Ikagoma vilevile!
Bibi Hillevi akapanda, mwekundu kama nyanya, akidai soseji yake. Akasoma kipeperushi, akacheka. Mjukuu wangu, akasema, mia mbili ni ya kuleta kwako. Ya kupeleka ni hii ya chini, herufi za sisimizi: hadi kumi. Halafu akachomeka waya wa mtandao kwenye kompyuta yangu, akaniambia nitulie.
Saa mbili kasorobo. Imefika!

Jumapili, 9 Februari
Mama bado amenikasirikia. Wote wanausifu waya. Nimetafakari kwa makini: video ilikwenda wakati sauna ingali ya moto. Ushahidi uko wazi.
Leo kimekuja kipeperushi kipya: hadi megabiti 1000! Nimemwachia Mama mezani. Nami nimebandika tangazo la Jumamosi ijayo: sauna ya wote, soseji hadi kumi kwa kila mtu.
Kwenye jokofu ziko tatu.