Maji Yapande Yenyewe

Jumatatu, 5 Februari 1951. Ruiru.

Nimemkosea tena bibi yangu, Mama Idah. Mwezi jana alianguka na debe kwa mteremko wa mtoni, na kiuno bado hakijapona. Leo ameniomba kwa upole nimbebee debe moja kila asubuhi, kabla sijaenda kwa mizani ya kahawa. Mimi! Karani! Na debe kichwani, laini nzima ya nyumba za wafanyakazi ikitazama! Kwetu Bungoma mwanaume akionekana hivyo, watoto wanamtungia wimbo. Nikamwambia avumilie, nina mpango. Akauliza mpango gani. Sikuwa nao.

Jioni Mungu akanipa. Njugu za sokoni zilifungwa kwa karatasi ya kitabu cha Kizungu. Picha ya injini za zamani kabisa, za kutoa maji kwa mashimo ya makaa ya mawe. Nimeisoma mpaka taa ikaanza kulia. Ajabu! Kumbe mvuke haukuwa unasukuma. Unaujaza kwa chombo, unafukuza hewa, unafunga, unamwagia chombo maji baridi. Mvuke unarudi kuwa matone, ndani kunabaki hakuna kitu. Basi hewa ya huku nje, hii tunapumua, inasukuma yenyewe kuingia. Ikikuta maji njiani inayapandisha. Hewa ni nzito! Na ni ya bure! Karatasi iliishia hapo. Nusu ingine ilienda na njugu za mtu mwingine.

Jumatano, 7 Februari.

Jaribio. Nimechemsha maji kidogo kwa debe, nikaziba, nikamwagia baridi. Debe likalia kama mtu amepigwa ngumi ya tumbo, likajikunja lote. Niliruka juu! Hewa imefanya kazi!

Mama Idah akatoka jikoni. Akauliza kwani hiyo si debe yake. Ilikuwa. Akauliza maji niliyomwaga yametoka wapi. Yalikuwa yale amepandisha asubuhi. Alishika kiuno, akateremka tena na sufuria.

Ijumaa, 9 Februari.

Kagwe jirani, yule wa punda, amemletea Mama Idah mtungi mzima bila kuombwa. Halafu akanipigia kelele mbele ya watu. Atiriri, hebu sikia, Baba Idah, punda yangu inamsaidia bibi yako kuliko wewe, si nikuazime hata masikio yake? Laini yote ikacheka. Nimemchukia mpaka usiku. Dhambi. Nitaitubu.

Nimeazima pipa la kanisa, lile la chai ya mikutano. Nilimwambia Githinji, kiongozi wetu wa Ushirika wa walokole, ni la shughuli ya familia. Si uongo. Ni nusu.

Jumamosi, 10 Februari.

Pipa mlangoni, bomba kuukuu mpaka mtoni. Mama Idah amepanda na kushuka asubuhi nzima kuleta maji ya kuchemsha na maji ya kupoza. Nilimwambia ni mara ya mwisho maishani mwake.

Mvuke ukatoka mpaka hewa ikaisha. Nikaziba, nikafungua bomba, tukamwagia baridi. Yakapanda! Nilikimbia chini nikipapasa bomba, na baridi ya maji inakuja juu! Halafu ikafika kwa mgomba wa Kagwe, ikasimama. Huo mgomba hata nusu ya mlima haufiki. Kumbe nguvu ya hewa ina mwisho wake! Lakini wakati ule nilifikiri ni uvivu tu. Nikaongeza baridi. Pipa likajilipukia ndani. Buu! Likabaki jembamba kama mlokole wa kufunga. Punda wa Kagwe akatoroka na mzigo wote mpaka Kimbo.

Mama Idah alikaa chini palepale, kwa matope.

Jumapili, 11 Februari.

Ushirika. Nilisimama nikatubu nikilia. Pipa. Nusu uongo. Chuki. Nikamwomba Kagwe msamaha, hata punda nikamtaja. Wakaimba vizuri sana. Nikaona niwaeleze kidogo jinsi hewa inasukuma, nikaokota kijiti nichore chini. Githinji akaniambia ndugu, kaa.

Nilipokaa nikamwona Mama Idah kwa benchi ya wamama. Alikuwa ananitazama kama mtu anangoja jina lake liitwe. Halikuitwa. Nilisahau! Nikaona aibu kusimama mara ya pili.

Jumanne, 13 Februari. Thika.

Jana Mama Idah alienda kwa ndugu yake, Dismas, askari wa kiwanda hapa Thika. Nimemfuata. Dismas akauliza, shemeji, umekuja na miguu ama umesukumwa na hewa? Nilistahili.

Mama Idah hataki pampu. Nije Jumamosi mapema, turudi pamoja, nichote debe moja, na yeye atembee kando yangu mikono mitupu. Anasema hajawahi kupanda ule mlima mikono mitupu. Nisipofika, anapanda gari la moshi la jioni, aende kwao. Nikaapa. Nililia, akanipangusa uso na leso yake.

Jumamosi, 17 Februari. Thika.

Nilitoka alfajiri, debe mpya mkononi, wazi, kila mtu aone. Hiyo ni kweli, Mungu ni shahidi.

Karibu na mji kuna kiwanda cha mkonge kilichofungwa. Kwa nyasi, silinda ya chuma. Ukuta wake mnene kama kidole gumba! Hiyo hewa haiwezi kuikunja! Nikasimama kidogo tu. Mlinzi, mzee Ndambuki, akasema niichukue kama naweza kuisukuma, lakini nimwachie lile debe. Nikamwachia. Nikasukuma. Mawe, mfereji, mawe tena. Nilipoinua kichwa, jua limezama.

Dismas leo hakufanya mzaha. Alisema dada yake alikaa mlangoni tangu asubuhi mpaka saa ya gari la moshi, viatu miguuni, akikataa hata chai, ili tusichelewe kuteremka mtoni.

Nimelia mpaka macho yamevimba. Mimi ni mtu mbaya. Kesho kwa Ushirika nitaanza na jina lake, Nafuna, kabla ya mengine yote.

Na nimewaza. Kosa lilikuwa kupandisha maji kwa pumzi moja. Silinda hii ikae katikati ya mlima, ingine juu, hewa ipandishe kwa zamu. Atasikia, atarudi, atakuta maji mlangoni. Shida ni moja tu, injini inataka maji ya kuanzia. Nitamuuliza bibi ya Kagwe kama anaweza kunichotea.