Kibao cha Moto na Panya wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Mimi, Osée Mwelwa, ndiye mlinzi wa kibao! Kamati ya msitu imenikabidhi leo: kibao cha rangi tatu kando ya barabara ya Mokambo, kipimajoto, na kitambaa cha kupimia upepo. Kijani: choma. Njano: angalia. Nyekundu: hata kiberiti marufuku, si kwa kuchoma makaa, si kwa kuwinda panya. Jirani yangu Nkandu ni msaidizi tu. Alikitaka sana cheo hiki. Uso umemshuka! Tumeanza na nyekundu. Joto kali, nyasi kavu, mvua hatujaiona tangu mwezi wa nne.

Jumatano, tarehe 27

Balaa! Mama mkwe anakuja Jumapili. Tangu nimwoe Germaine sijampelekea mama yake kitu cha maana, na ukoo mzima unajua. Anapenda panya wa porini kuliko nyama ya ng'ombe. Panya hawatoki mpaka nyasi zichomwe. Na nani amekataza kuchoma? Mimi!

Nimewaza sana. Kipimajoto kilikuwa juani. Hata mtu ukimwanika juani utadhani ana homa. Nimekihamishia barazani, nyuma ya mtungi wa maji. Kimeshuka vizuri mno.

Ijumaa, tarehe 29

Nimepima alfajiri, baridi ikiwa bado inauma. Kitambaa hakikutikisika. Basi, kuanzia leo: kijani. Vipimo havina upendeleo!

Nkandu akaja na simu yake. Eti kule Luano, kwenye uwanja wa ndege, wanasema kesho mchana kutakuwa na upepo mkali. Nikamjibu kwamba wale wanapimia ndege, sisi tunapimia nyasi. Akasema, "Papa Osée, majani inakauka sana, na upepo iko inakuja." Wivu huo.

Germaine ameuliza jambo moja tu: mitondo yake itapona? Ni miti yake ng'ambo ya njia. Kila mvua zikianza anaokota finkubala pale, viwavi wanono wa kula na kuuza, na ndio wanaosomesha watoto wetu. Nimemwapia kwamba moto hautavuka njia.

Jumamosi, tarehe 30

Nilichoma kabla ya adhuhuri. Duara safi la moto, mlango mmoja, wavu mlangoni. Panya wakaanza kuingia, wanono! Halafu upepo ukaja. Moto uliruka njia kama mbuzi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wa kwanza kufika alikuwa Nkandu, na matawi mabichi, akaupiga moto hadi mikono ikababuka. Ulizimika jioni, ulipokosa cha kula.

Mitondo ya Germaine imekwisha. Finkubala walikuwa wamelala udongoni wakingoja mvua. Wameungua humo humo. Germaine alisimama kwenye majivu, akaniuliza polepole, "Osée, ile kijani uliionaka wapi?" Heri angenitukana.

Jumapili, tarehe 31

Mama mkwe amefika. Desturi yetu hairuhusu mkwe kumtazama usoni. Leo nimeishukuru desturi hiyo. Panya niliwaweka mezani, wamekaangwa vizuri. Hakuwagusa. Alimshika binti yake mkono, wakaenda kutazama majivu. Jioni kamati imempa Nkandu kibao. Nilidhani atanicheka. Hakucheka hata kidogo, na hilo limeniuma zaidi.

Jumanne, tarehe 2 Septemba

Germaine anapika, ananiwekea chakula, anakwenda kula na watoto. Ningeweza kuirudisha Ijumaa, ningeirudisha. Wanangu wakisema habari za shule natoka nje. Kosa ni langu, wala simsingizii mtu.

Lakini nimepata njia ya kumtuliza. Kule mtoni kuna kipande cha msitu kilichopona, na ndani yake mti wenye nyuki. Germaine anapenda asali! Nyuki hawaondoki bila moshi, najua. Nkandu ameweka nyekundu, sawa, ila moshi si moto. Mwenge mdogo tu wa nyasi kavu. Nimelowesha kidole nikakiinua: upepo hakuna kabisa. Nakwenda kesho mchana.