Yaliyonipata Meza ya Kumi na Tisa

Kwa Msimamizi Mkuu,
Ukumbi wa Chakula, Sitaha ya Nne.

Ndugu Msimamizi,

YAH: WATU WANNE WALIOKULA NAMI SIKU NANE BILA KUNIJUA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na ukiwa umeketi, maana ni ndefu. Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini na minne nimewapigia watu vigingi vya mipaka na kuamua ugomvi wa ndugu waliotaka kutoana macho kwa ajili ya ukingo wa mfereji. Sijawahi kuandika barua ya malalamiko, kwa sababu kwa kawaida zilikuwa zikiandikwa kunihusu mimi. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue yamenifika shingoni.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulisafiri na meli yenu. Hatukuomba. Watoto wetu watatu walikaa kikao bila sisi, wakaamua kwamba baba na mama wakapumzike baharini, wakatuletea tiketi zimefungwa utepe. Jioni ya kwanza tulielekezwa meza namba kumi na tisa, ya duara, viti sita. Tukakuta wanne wamekwisha kaa: mkunga mstaafu aliyesafiri peke yake, fundi wa kuchomelea vyuma mwenye miraba minne, pamoja na mama yake mzazi ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa, na mpishi wa shule ya bweni aliyekuwa likizo. Sikumjua hata mmoja wao. Wala wao hawakunijua mimi, jambo ambalo halikuwazuia kitu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkate. Kila mtu aliwekewa kisahani cha mkate kushotoni kwake. Nilikaa kuliani kwa Mkunga, naye akanyoosha mkono, akachukua mkate wangu na kuuma. Nikamweleza kwa upole, huku nikimwonyesha kwa kisu, kwamba mpaka kati yake na mimi unapita hapa, na kisahani kile kiko upande wangu. Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akaumega mkate, akanipa upande ambao hakuuma, akasema, “Shika basi, shemeji, tusigombane.” Katika kazi yangu nimeona viwanja vikivamiwa, lakini sijapata kuona mvamizi akimgawia mwenye kiwanja.

2. Undugu wa kupachikwa. Naomba uliangalie tena hilo neno “shemeji.” Huyu mama tulikuwa tumefahamiana kwa muda wa bakuli moja la supu. Nilipouliza nimekuwaje shemeji yake, akasema mke wangu ni dada yake. Tangu lini? “Tangu sasa hivi,” wakajibu wote wawili kwa pamoja, wakashikana mikono juu ya supu yangu. Kufikia jioni ya pili Bi Mkubwa alikuwa ananiita “mwanangu,” mimi mwenye miaka sitini na saba na bawasiri, na Fundi alikuwa ananiita “kaka” kwa kuwa, alisema, mama yetu ni mmoja. Niliingia katika meli yenu nikiwa na ukoo uliotimia. Sikuja kuongezewa.

Usiku huohuo niliandika ombi rasmi la kuhamishiwa meza ya watu wawili, nikalikabidhi kwa mhudumu wako. Kumbuka tarehe hiyo. Ilikuwa siku ya pili.

3. Mpishi hawezi kuona sahani tupu. Ukiweka kijiko chini, anakupakulia. Ukikishika, anadhani unasubiri kupakuliwa. Nimerudi nyumbani na suruali nne zisizofunga.

4. Karatasi ya maboya. Nyumbani mimi hula nikisoma gazeti. Nalisimamisha mbele yangu, mke wangu anakuwa upande wa pili, na kila mtu anakula kwa amani yake. Katika meli yenu hakuna magazeti. Siku ya tatu nikabandua mlangoni mwa chumba chetu ile karatasi ya maelekezo ya kuvaa maboya ya kujiokolea, nikaenda nayo mezani, nikaisimamisha. Nilikuwa nimefika kwenye kamba ya pili Bi Mkubwa aliponigonga mkono kwa kijiko. “Mwanangu, kama ni habari njema tusomee wote. Kama ni mbaya, tule kwanza kabla hatujazama.” Nikalazimika kusimama na kusoma maelekezo yote kwa sauti, kuanzia kamba ya kwanza hadi filimbi. Meza ya kumi na nane ikapiga makofi. Mpishi akaomba nirudie pale pa kupuliza.

5. Hii nimeifuta kwa ombi la mke wangu.

6. Hadithi ya Baba Mdogo. Hapa naomba uvute kiti.

Sebuleni kwetu imetundikwa picha ya harusi yetu. Nyuma yangu amesimama baba mdogo wa mke wangu, amejitupa pembeni, mguu mmoja kauficha nyuma ya chungu cha maua, uso kaukunja. Kwa miaka thelathini na minane nilijua huyu mzee alinidharau tangu siku ile, na mimi nikamnunia kwa utulivu mpaka alipofariki. Sasa, jioni ya nne, Mkunga akamuuliza mke wangu harusi yetu ilikuwaje. Mke wangu akaweka uma chini. Akaeleza kwamba Baba Mdogo aliazima viatu vipya kwa jirani, vikambana, akavua kimoja chini ya meza ili apumzishe vidole, mbwa akakichukua. Wanaume wanne walimfukuza mbwa huyo mpaka mtoni. Mpiga picha naye alikuwa na harusi nyingine, hakusubiri. Mzee wa watu akapigwa picha na kiatu kimoja, amekunja uso kwa aibu, na alinionea haya mimi, bwana harusi, maisha yake yote.

Meza nzima ilikufa kwa kicheko. Fundi alilia machozi kwenye leso ya mezani. Na mke wangu alicheka kile kicheko chake cha kukatika pumzi na kushika ubavu, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa tukiishi chumba kimoja chenye paa linalovuja.

Nilimuuliza chumbani kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema aliianza hadithi hiyo mwaka tulipohamia nyumba ya pili, nikamwambia, “Tule kwanza.” Akaianza tena mtoto wa kwanza alipoanza shule, nikamwambia, “Tule kwanza.” Sikatai, ni kauli yangu. Lakini angalia upande wa haki, Ndugu Msimamizi: hadithi ilianzia nyumbani kwangu, ni mali ya nyumba yangu, na mwisho wake ukatolewa mbele ya mtu wa kuchomelea vyuma. Nalalamika kwamba niliusikia pamoja na wageni. Nalalamika zaidi kwamba bila hao wageni nisingeusikia.

7. Kuvamiwa chumbani. Siku ya tano bahari ilichafuka. Mke wangu hakuweza kuinua kichwa. Nikaenda ukumbini peke yangu kumchukulia maji, nikapita meza ya kumi na tisa kwa adabu tu, nikasema mama hajisikii vizuri. Vijiko vikawekwa chini vyote. Hakuna aliyemaliza kula. Mpishi akaingia jikoni kwenu bila ruhusa (muulize mpishi wenu mkuu, nasikia walipatana baadaye) akatoka na supu nyepesi. Dakika kumi baadaye walikuwa chumbani kwetu, wote wanne.

Chumba kile nilikipima siku ya kwanza: hatua tatu kwa nne, na humo mna kabati. Bi Mkubwa alikaa kitandani kwangu na viatu. Fundi, kwa kuwa mlango wa bafu ulikuwa ukigonga kwa mawimbi, aliushika kwa bega, kisha akatoa bisibisi mfukoni na kuutengeneza bawaba. Nani anaenda kula chakula cha jioni na bisibisi? Mkunga akampima mke wangu mapigo, akamnywesha supu kidogo kidogo, akasema ni bahari tu, kesho atakuwa mzima. Halafu akanigeukia. “Shemeji, anayetetemeka ni wewe. Kaa.”

Nilimwambia sitetemeki. Nilikuwa nimeshika gilasi ya maji, na nusu yake ilikuwa imekwisha mwagikia kifuani kwangu. Nikakaa. Akachukua bakuli lilelile, kijiko kilekile, akanilisha. Mimi, mtu mzima, nimelishwa na mwanamke ambaye si mama yangu, si mke wangu, mbele ya mashahidi, na Bi Mkubwa akinipangusa kidevu. Nikamaliza bakuli. Hii naiona ndiyo fedheha kubwa kuliko zote, na supu ilikuwa nzuri.

8. Wewe mwenyewe. Samahani, lakini lazima nikutaje. Siku ya sita, mke wangu akiwa amepona na kapaka wanja, tulipofika mlangoni mhudumu wako akatuinamia kwa furaha na kusema ombi langu limekubaliwa. Tukapelekwa meza ya wawili, dirishani, kitambaa cheupe, ua moja. Ndugu Msimamizi, mtu wa uzoefu wako hakujua kwamba ombi la siku ya pili halitekelezwi siku ya sita bila kumuuliza mwombaji kama bado ana akili ileile?

Tulikaa. Meza ile ina kasoro: ina kelele nyingi. Nilisikia kisu changu, nikasikia meno yangu, nikasikia mke wangu akimeza maji. Nikaona niseme neno. Nikasema, “Samaki huyu ni mzuri.”

Mke wangu akasema, “Ni kuku.”

Kule meza ya kumi na tisa wakacheka jambo ambalo sisi hatukulijua. Mke wangu akatazama kule, akanitazama mimi, akaikunja leso yake vizuri. “Baba,” akasema, “nimekula nawe kimya miaka mingi, na sikununii. Lakini zimebaki siku mbili. Mimi nakwenda kwa watu.” Akabeba sahani yake, akaondoka.

Kutoka dirishani hadi meza ile ni hatua kumi na nne. Nilikaa nikizihesabu kwa macho mara tatu, kwenda na kurudi. Katika ardhi yote niliyowahi kupima sikuona umbali wenye taabu kama ule. Mwisho nikanyanyuka na kiti changu kichwani, kwa kuwa niliogopa nikifika nikute hapana pa kukaa, na mhudumu wako akinifuata nyuma akisema viti havihamishwi.

Nilipofika nikakuta kiti changu cha siku zote kipo. Mbele yake palikuwa na sahani imejaa, imefunikwa na sahani nyingine isipoe. Mpishi alikuwa amewakatalia wahudumu wako wasiiondoe, tangu supu. Mkunga alisogea kidogo, Bi Mkubwa akauliza kwa nini natembea na viti viwili, na mimi nikala. Napenda kuuliza: ni kanuni gani inaruhusu sahani ya mtu aliyehama kushika nafasi mezani? Na kama ipo, kwa nini sikuambiwa mapema, nisihame?

Kutokana na hayo, naomba mambo yafuatayo yafanyike. Abiria wasiojuana wakalishwe mbalimbali, kiasi cha mkono mmoja na nusu, na mipaka ichorwe kwenye kitambaa cha meza kwa rangi isiyofutika. Majina ya undugu yasitumike kabla ya mlo wa tano, na hata hapo kwa maandishi. Wapishi wakiwa likizo wafungwe mikono. Wake za watu wasiulizwe habari za harusi zao isipokuwa waume zao wamekwisha kuulizwa kwanza. Na ombi la mtu yeyote kuhamishwa meza likae mezani kwako siku nne, kisha uende ukamwangalie anavyokula. Ukimkuta anacheka, lichane.

Nataraji majibu yako. Wasalimie wahudumu wote, hasa yule mrefu aliyenifukuza na kiti. Mwambie sina kinyongo. Wasalimie jikoni. Msalimie nahodha, umwambie siku ya tano simlaumu. Mke wangu anawasalimu nyote, anasema barua imekuwa ndefu na chai inapoa.

Wako katika kutafuta haki,

Mpima Ardhi Mstaafu
(Meza ya Wawili, kwa dakika ishirini na tano)

Nakala: Watoto wangu watatu, walionunua tiketi.

Baada ya sahihi: Ukikosa nafasi ya kushughulikia hayo ya juu, yaache yote. Hili ndilo la haraka. Naomba unipimie ile meza ya kumi na tisa, upana wake kutoka ukingo hadi ukingo, na urefu wa miguu yake. Mimi niliyepima wilaya nzima nilikaa pale siku nane sikupima chochote. Meza yetu ya hapa nyumbani ni ya pembe nne na imegusa ukuta, na wale wanne wanafika Jumamosi, wote, Bi Mkubwa anakuja na mto wake wa kukalia. Seremala amekaa uani na mbao, anataka kujua akate ya watu sita au wanane. Mwambie mwenye kupima asikaze sana futikamba. Afadhali izidi.